Mizinga Tumewapa, Msitu Je?



Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Mei ulimwengu huadhimisha Siku ya Nyuki. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo mwaka 2017, nasi huku kwetu hatukubaki nyuma. Turubai hupigwa, viti vya mbele hufunikwa vitambaa, ngoma huchezwa, na mgeni rasmi huonjeshwa asali mbele ya wapiga picha. Kisha huja lile ambalo watu wamelingojea tangu asubuhi: kikundi cha vijana kinakabidhiwa mizinga. Ni mizinga ya mbao iliyopakwa rangi, ina namba ubavuni. Mgeni rasmi anawaasa vijana waache kushinda vijiweni, wafuate nyuki wale asali, na wawe walinzi wa misitu yetu. Makofi yanapigwa, msafara unaondoka, vumbi linatua.

Mazungumzo yangu ya leo yanaanzia hapo vumbi linapotua.

Nimepata kuifuatilia mizinga ya namna hiyo hadi ilikoishia. Katika kijiji kimoja magharibi mwa nchi niliikuta hamsini imepangwa kwa mistari kama madawati ya darasa, kando ya shamba la tumbaku, katika kiwanja cha ekari mbili ambacho kikundi kilipewa. Iliyokuwa na nyuki ilikuwa minne. Mmoja ulikuwa na kuku anayeatamia. Mingine ilijaa magunzi ya mahindi. Nilipomuuliza katibu wa kikundi, kijana mpole mwenye daftari lililotunzwa vizuri, alinijibu, "Mzee, nyuki wamekataa kuja." Wenzangu niliofuatana nao walicheka. Mimi nililiona hilo kuwa ndilo jibu la kitaalamu kuliko yote niliyoyasikia siku ile, pamoja na yale ya wataalamu wenyewe.

Maana nyuki, ndugu zangu, si ng'ombe wa maziwa. Kwetu hapa kwa kawaida hanunuliwi akapakiwa kwenye lori. Mfugaji huandaa mzinga, huusugua nta kwa ndani ili unukie nyumbani, huutundika, halafu hungoja. Kundi linalohama likipita na kupapenda, litaingia. Lisipopapenda litakwenda zake. Na hata likiingia, siku litakapoona njaa, moto au sumu, litahama lote na kukuachia mbao zako. Sijui mfugo mwingine wenye uhuru kama huo wa kumkataa mwenye nyumba.

Sasa nyuki hupapenda wapi? Hupapenda penye maua, maji na kivuli. Nyuki anayekwenda kutafuta chakula huruka kilometa mbili, tatu hivi kutoka mzingani. Chukua hizo kilometa tatu kila upande, kisha piga hesabu ya duara kama tulivyofundishwa shuleni. Utapata zaidi ya hekta 2,800. Hilo ndilo shamba la nyuki. Kile kiwanja cha ekari mbili ni kitanda chake tu. Sisi tunawakabidhi vijana kitanda, tunawapigia makofi kana kwamba wamepata shamba. Na pale nilipopataja, shamba lenyewe lilikuwa tumbaku inayopigwa dawa ya wadudu, na nyuki naye ni mdudu.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la ufugaji nyuki kwa vijana si mizinga mingapi. Swali ni msitu upi, na ni wa nani.

Nachukua mfano wa Tabora na majirani zake kwa sababu huko nyuki hawakuletwa na mradi. Ile ni nchi ya miombo. Kuna mtundu, kuna muba, kuna mninga, kila mti na majira yake ya kuchanua. Mingine huchanua mvua zinapokaribia kwisha, mingine huchanua mwisho wa kiangazi, wakati ardhi ni vumbi tupu na mgeni anadhani hakuna chochote kilicho hai. Kwa ajili hiyo asali hurinwa mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya mvua, na mara nyingine mwaka unapokaribia kwisha. Nta ya nchi hiyo ilikuwa ikisafirishwa kwenda ng'ambo tangu enzi za Wajerumani. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha idara ya nyuki mwaka 1949. Mwaka 1962, mara baada ya uhuru, wafuga nyuki wa Tabora wakawa na chama chao cha ushirika, na mwaka 1978 kikafunguliwa palepale Tabora chuo cha kufundishia ufugaji nyuki. Tukapata sera ya taifa ya ufugaji nyuki mwaka 1998, na sheria yake mwaka 2002.

Nimeyataja hayo ili tuelewane juu ya jambo moja. Wapo wanaosema kinachokosekana kwa vijana wetu ni elimu. Neno hili elimu siku hizi limekuwa kama vile vidonge vyeupe vya zahanati. Kichwa kikiuma unapewa hivyo, tumbo likiuma unapewa hivyohivyo. Elimu ya nyuki katika nchi hii ipo, ya kurithi na ya darasani. Kijana wa Sikonge ana babu aliyetundika mizinga mamia katika maisha yake, na chuo hakiko mbali naye. Mbona basi ukifika katika kambi za warina asali huko porini nyuso unazokutana nazo nyingi zina mvi?

Wakati nikiyakusanya mawazo yangu kwa ajili ya mazungumzo haya, kijana mmoja wa Urambo aliniandikia barua. Sitalitaja jina lake. Ameandika kurasa tatu kwa kalamu nyekundu, nadhani ndiyo aliyokuwa nayo. Anasema yeye anachoma mkaa, haoni haya kusema hivyo, na angependa niwaeleze wakubwa hesabu yake kama ilivyo.

Hesabu yake ni hii. Tanuri moja, kuanzia kukata miti, kuipanga, kuifukia udongo na kuichunga isilipuke, humchukua wiki mbili tatu. Mnunuzi anamfuata hukohuko porini na pikipiki, na fedha anazo mkononi. Upande wa asali, mzinga unautundika mwaka huu. Nyuki wakipenda wataingia baada ya miezi kadhaa. Utarina msimu unaofuata, kama nyegere hajakutangulia. Kisha unakaa na madumu yako ukimngoja mnunuzi aliyesema atarudi. "Mzee," anaandika, "mama yangu akilazwa, hospitali hainiulizi miti itachanua lini." Halafu ananiuliza, bila matusi lakini bila kunibembeleza, mkaa wake unanunuliwa na nani kama si sisi wa mijini tunaomhubiria.

Nimeisoma barua hiyo mara kadhaa na sijaona pa kuikosoa. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha ya kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni shabaha njema. Lakini miti haikatwi na mkakati wala haisimami kwa mkakati, na gunia la mkaa bado lina wateja Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma. Anayemwambia kijana aache mkaa leo kwa ajili ya asali ya mwakani anamwomba amkopeshe taifa chakula chake cha miezi kumi na minane. Tuseme hivyo waziwazi, tuache kumwita mharibifu.

Hata hivyo kuna sentensi katika barua hiyo ambayo nadhani mwenyewe aliiandika harakaharaka akapita. Anasema zamani tanuri lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, sasa ni mwendo wa saa mbili. Hapo ndipo ilipo hesabu nyingine. Tathmini ya misitu iliyofanywa nchini kote miaka ya 2009 hadi 2014 ilikuta tuna hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara. Lakini takwimu za serikali za kati ya 2002 na 2013 zilionyesha kwamba tulikuwa tukipoteza hekta 469,000 hivi kila mwaka. Zigawanye kwa lile duara la nyuki la hekta 2,800: ni maduara zaidi ya 160 yanayofutika kila mwaka. Mkaa ni sehemu yake, kuni za kukaushia tumbaku ni sehemu yake, na sehemu kubwa ni mashamba mapya yanayofunguliwa na kuhamwa. Kijana wa mkaa anafuata msitu unaomkimbia, na kila anachokata ndicho kinachomwongezea safari.

Kuna makadirio yanayopenda kutajwa sana katika hotuba, kwamba Tanzania ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, kutokana na makundi ya nyuki milioni 9.2. Kila nikiyasikia natamani msemaji angeongeza: ikiwa miti itakuwapo.

Sasa nirudi kwenye lile swali la nani mwenye msitu. Kwa desturi ya warina wa magharibi, pori halikuwa holela. Mzee alikuwa na njia zake na miti yake ya kutundikia, wenzake wakijua mwisho wa eneo lake bila jiwe la mpaka. Mwanawe aliyembebea mizigo alirithi njia hizo. Kurithi mzinga maana yake ilikuwa kurithi nafasi msituni, na aliyerithi nafasi alikuwa na sababu ya kuzima moto unapoizunguka miti yake. Hakulipwa posho ya kuzima moto.

Desturi hiyo imebanwa pande mbili. Upande mmoja ni hifadhi. Angalieni Ugalla. Kwa miaka mingi warina walikuwa wakiingia katika pori la akiba la Ugalla kwa vibali na kwa majira maalumu. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria za hifadhi za taifa hazina nafasi ya mrina asali. Sibishani na haja ya kuwalinda wanyama. Nasema tu kwamba kijana aliyeona baba yake akifungiwa njia ya mizinga hahitaji kuhubiriwa ili ajifunze kitu kutokana na hayo. Amejifunza kwamba msitu ukitunzwa vizuri, huenda ukachukuliwa.

Upande wa pili ni ule msitu wa kijiji usio na mwenyewe. Karibu nusu ya misitu yetu iko katika ardhi za vijiji. Kwa karatasi ni mali ya wanakijiji wote. Kwa vitendo, mwenye msumeno ndiye mwenye mali. Kijana akitundika mizinga yake ishirini katika pori hilo, kesho atakuta mti umelala chini pamoja na mzinga, na hana pa kushitaki, kwa kuwa aliyekata naye ni mwanakijiji, au amepewa ruhusa na mtu asiyejulikana ni nani.

Kwamba watu hulinda walicho na haki nacho, hilo tumeshalishuhudia humu nchini. Pale Duru-Haitemba, wilayani Babati, palikuwa na msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi ambao serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji walipoona mipaka inapimwa walianza kuukata kwa pupa, kama mtu alaye chakula anachojua kitanyang'anywa. Miaka ya 1994 na 1995 uamuzi ukabadilishwa, msitu ukaachwa mikononi mwa vijiji vinavyouzunguka, kila kijiji kikaweka kanuni zake na walinzi wake chenyewe. Ukataji ukapungua, na msitu ukaanza kurudi. Shinyanga nako, ambako miti mingi ilifyekwa zamani kwa ajili ya kuwaangamiza mbung'o, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili, yaani yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Kufikia mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, nyingi zikiwa za familia na za vijiji. Na nyuki nao wakarudi bila kuandikiwa mwaliko.

Nisiwasifu wazee kupita kiasi. Wana ya kujibu. Mzinga wa gome, ambao umetumika kwa vizazi, hutengenezwa kwa kuubambua mti ungali hai kuuzunguka, na mti huo hufa. Mti mzima unapotea kwa ajili ya mzinga utakaooza baada ya miaka michache. Mzinga wa gogo nao unahitaji gogo. Kisha kuna moto. Kurina usiku kwa mwenge wa majani makavu, mwezi wa Julai au Agosti, majani ya porini yakiwa kama karatasi, cheche moja ikianguka unaweza kuunguza pori lenye mizinga ya wenzako mia. Asali yenyewe hutoka na harufu ya moshi, imechanganyika na majana na majivu, na mnunuzi wa ng'ambo anaikataa kwa haki kabisa.

Tena wazee wengine ni wachoyo wa ujuzi. Kijana anabeba madumu misimu mitatu kabla ya kuruhusiwa kupanda mtini, na siri ya wapi pana maji hafunuliwi.

Lakini anachokijua mzee hakipatikani katika semina ya siku mbili yenye posho na soda. Anajua kwa kusikiliza mlio wa mzinga kama kundi lina nguvu au linajiandaa kuhama. Anajua sega lililofunikwa lote kwa nta ndilo lililoiva, na lisilofunikwa bado ni maji na litachacha. Anajua kuwaachia nyuki akiba yao. Kijana mwenye tamaa anayekomba kila kitu pamoja na majana amevunja nyumba, na asimlaumu mtu mwakani. Wapo hata wanaozungumza na ndege. Mlembe ni ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki ili apate masalia ya nta. Watafiti waliofanya kazi na warina wa Kiyao huko Niassa, Msumbiji, walithibitisha mwaka 2016 kwamba ule mlio maalumu wanaoutoa warina unamvuta ndege huyo kweli. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba mlembe wa Niassa anaitikia zaidi mlio wa Wayao, na mlembe wa nchi ya Wahadza anaitikia zaidi mbinja za Wahadza. Ndege amejifunza lugha ya wenyeji wake. Vijana wasipoijua, mlembe atabaki akipiga kelele juu ya mti na hakuna wa kumjibu.

Kwa hiyo mzee na kijana kila mmoja ana nusu ya kazi. Kijana anaweza kutumia bomba la moshi badala ya mwenge, kuvaa mavazi ya kinga, kutumia mzinga wa viunzi ambao humwezesha kutoa masega yaliyoiva na kuyarudisha mabichi bila kuua kundi. Anaweza kupima maji ya asali kwa kipimo na kumtumia mnunuzi picha kwa simu. Mzinga wa viunzi una jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: unaweza kutundikwa usawa wa kiuno. Zamani kazi hii ilikuwa ya wanaume kwa sababu ya kupanda miti mirefu na kulala porini. Leo msichana anaweza kuwa na mizinga yake mwenyewe, na nimewaona wanaowashinda kaka zao kwa usafi wa asali. Ila anauliza lile lile: nitaitundika katika ardhi ya nani, na nikiolewa itakuwa ya nani?

Mzee naye ana njia, ana miti na ana mizinga asiyoweza tena kuifikia kwa sababu ya magoti. Nimeona mahali wanapoelewana kienyeji, kijana anarina mizinga ya mzee na wanagawana nusu kwa nusu. Mpango huo haukuandikwa katika andiko la mradi wowote, lakini una faida moja kubwa kwa kijana kama yule wa Urambo: mizinga hiyo tayari ina nyuki. Asali inapatikana msimu huohuo. Kama ningekuwa mgeni rasmi, ningependa kuona fedha za mizinga mipya hamsini zikinunua mavazi, mabomba ya moshi na ndoo safi za kufanyia ubia wa namna hiyo, hata kama ndoo hazipendezi sana katika picha.

Kuhusu mikopo nitasema kwa kifupi. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mpango ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mpango mzuri kwa mwenye genge au bodaboda. Lakini mkopo unaoanza kudaiwa baada ya miezi michache hauwezi kulipwa na mdudu anayengoja mtundu uchanue. Kijana atalipa kwa kitu gani? Atalipa kwa mkaa. Nimekutana na kikundi kilichokopa kwa ajili ya nyuki kikafanya hivyo hasa. Ratiba ya marejesho ifuate misimu ya kurina, au tuache kuuita mkopo wa nyuki.

Sidai kwamba kila kijana wa kijijini atakuwa mfuga nyuki. Wengi hawatataka, na wana haki yao. Kuumwa na nyuki si jambo la kila mtu. Wala sidai kwamba mahali ambapo msitu umekwisha kabisa tupeleke mizinga. Hapo pelekeni kwanza subira, visiki vichipue, kama ilivyokuwa kwenye ngitili. Ninachodai ni kwamba kijana anayetaka awe na eneo ambalo jina la kikundi chake limeandikwa, na lenye mpaka ambao mwenye msumeno anaujua.

Hilo linanirudisha kwa mwandishi wangu wa Urambo, kwa kuwa ukurasa wake wa tatu una jambo la kisheria. Anasema wako vijana saba, wanne kati yao wachoma mkaa. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba sehemu ya msitu wa kijiji ambayo wao wataitundikia mizinga na kuilinda, mkaa usichomwe humo, hata na wao wenyewe. Mwenyekiti akawajibu kwamba msitu ni wa wote, hauwezi kupewa watu saba.

Kijana wangu, kama unanisikiliza: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu wake, na mapato yake yakabaki kijijini. Na sheria hiyohiyo inakwenda hatua moja zaidi. Inakiruhusu kikundi cha watu ndani ya kijiji kuiomba halmashauri ya kijiji iwatengee sehemu ya msitu huo waitunze na kuitumia kwa mpango unaokubalika. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka huohuo nayo imetaja hifadhi za nyuki za vijiji. Kwa hiyo mlichoomba si upendeleo. Kimeandikwa.

Msirudi kwa mwenyekiti peke yake. Andikeni barua yenye majina saba na sahihi saba, mwonyeshe mnataka eneo gani, kutoka mto gani hadi kilima gani, na mtalifanyia nini: njia za moto, zamu za doria, mizinga mingapi mwaka wa kwanza. Ikabidhini kwa mtendaji wa kijiji, mbaki na nakala iliyogongwa mhuri. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, maana yake ni ninyi. Hesabuni vichwa siku hiyo mtaona wenye mvi ni wachache kuliko mnavyodhani. Ombeni ombi lenu liingizwe katika ajenda, tena liwe la mapema, si katika mengineyo watu wakiwa wamekwisha inuka. Mwenyekiti akisema tena kwamba msitu ni wa wote, mwombeni kwa heshima maneno hayo yaandikwe katika muhtasari, na chini yake yaandikwe majina ya waliokata miti humo mwaka huu, na kila mmoja alipewa kibali na nani.